Kurasa Sita

Moto ulipopita Birere ukiteremka kwenda ziwani
ulipitia pia ofisi ya shule.
Sanduku la bati tulilichimbua siku ya nne,
bado linaunguza vidole.
Ndani, atlasi imeliwa kama mkate uliosahauliwa jikoni:
Ulaya jivu, Asia jivu,
Afrika ukingo mweusi tu, na neno Atlantiki
limekatika kwenye silabi ya pili.
Ilibaki Amerika ya Kusini,
kurasa sita zenye rangi ya chai.

Nikafundisha nilichokuwa nacho.
Ndiyo maana watoto waliokulia juu ya makoro,
ambao Walikale kwao ni jina la redioni,
wanaweza kukuchorea Amazoni na vijito vyake
wakiwa wamefumba macho.
Niliwaambia habari za Letisia na Tabatinga:
miji miwili, nchi mbili, barabara moja.
Ng'ambo ya maji, kisiwani, nchi ya tatu.
Pikipiki hutoka Kolombia ikaingia Brazili
dereva hajabadilisha hata gia.

Kavugho akanyosha mkono.
"Mwalimu, kwenye barieri wanaonyesha nini?"
Hakuna barieri.
"Basi kuna kamba."
Hakuna kamba.
"Sasa askari wa huko wanakula nini?"
Darasa zima likacheka.
Mimi nikageuka nikafuta ubao
ambao sikuwa nimeandika kitu.

Siku ya Titikaka walicheka kwa sababu ya jina,
kisha wakanyamaza wenyewe:
ziwa la juu milimani, nchi mbili zinalinywa,
na pale maji yanapotokea kuna mji
uliokatwa na mto, daraja katikati.
"Hiyo si Bukavu?" akauliza mmoja wa nyuma.
Karibu, nikasema. Karibu sana.
Ila huko, pande zote mbili za daraja,
mji unaitika jina moja.

Jumatatu yake mama yake Kavugho akaja,
beseni kichwani, karoti za Gisenyi bado zina udongo,
karatasi ya kuvukia imefungwa kwenye pindo la kitenge
pamoja na noti za kunyamazisha watu.
"Mwalimu Bauma, huyu mtoto hanipi usingizi.
Eti kuna mahali mtu anavuka kununua chumvi
na hakuna anayemuuliza ametoka kwa nani.
Usinidanganyie mtoto."
Nikamfungulia ukurasa.
Akaweka kidole juu ya Letisia,
na kidole kikaifunika Tabatinga pia.
Akakaa hivyo muda mrefu.
"Na ushuru wa karoti?"
Atlasi haisemi, Mama.
"Basi aliyeichora hakubeba kitu."
Akajitwika beseni, akaenda.

Usiku ule umeme ulikatika mapema.
Kwa tochi ya simu nikaanza kuuchora
ukurasa wetu uliopotea.
Ziwa lilikuja vizuri, refu, lenye kiuno.
Mlima nikauwekea moshi kidogo, kwa adabu.
Kisha Goma, kitone.
Kisha Gisenyi,
na ncha ya penseli ikaangukia tundu lile lile.
Nikaichonga. Nikapima upya kwa rula.
Ikaangukia pale pale.
Nikaandika jina moja kushoto,
jina la pili kulia,
nikaenda kulala kama mtu aliyeiba.

Asubuhi nimeibandika ukutani.
Nje, chukudu la makala linashuka likilia,
wanawake wanakwenda Barieri Ndogo kwa hatua za haraka,
mabeseni matupu yanaangalia mawingu.
Kavugho amesimama mbele ya ramani, mikono nyuma,
kama mkaguzi.
"Mwalimu, umesahau mstari."
Sikusahau. Nimekosa pa kuupitisha.
Akaniangalia, akaangalia kitone,
akaomba kalamu nyekundu aupitishe mwenyewe:
mama yake, alisema, anajua mahali penyewe
hata gizani.

Mpaka leo sijampa.